Mume wangu ananipeleka China, lakini ratiba yote ni maghala

Shikamoo Mama,

Naomba usinichoke, maana barua yangu ni ndefu, na jambo lenyewe wengine wataliona ni la mtu aliyeshiba. Lakini hii ni wiki ya tatu silali vizuri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kunduchi, Dar es Salaam. Mwezi wa kumi mwaka huu natimiza miaka 20 ya ndoa. Mume wangu ana fremu mbili Kariakoo, tunauza vyombo: sahani, vikombe, chupa za chai, masufuria. Tangu 2009 anakwenda China mara mbili au tatu kwa mwaka kufuata mzigo. Guangzhou na Yiwu anazijua kama anavyoujua Mtaa wa Msimbazi. Akiondoka, mimi ndiye ninayebaki na duka, na wadai, na watoto, na mama yake mzazi tunayeishi naye. Sijawahi kulalamika, maana nyumba tunayolala imetokana na safari hizo.

Kila akirudi namuuliza, "China kukoje?" Jibu lake ni lile lile: "Kazi tu, hakuna kitu."

Ila mimi nina China yangu kichwani tangu utotoni. Kwetu Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye minara, na kwenye ile minara yalipachikwa mabakuli ya Kichina. Mengi yameshabanduliwa, yamebaki matundu ya duara kwenye chokaa. Tulikuwa tukienda kuokota ubuyu pale, tunaingiza ngumi kwenye matundu, na marehemu bibi anatukaripia: "Toeni mikono, hapo palikaa bakuli lililovuka bahari." Nimekua nikitamani kuona lilikotoka.

Miaka miwili iliyopita mume wangu aliniahidi mbele ya watoto kwamba tukifika miaka 20 tutakwenda wote, safari ya kutembea, si ya mzigo. Nikaweka akiba kwenye kikoba, nikafikisha milioni sita. Mwezi uliopita akanipa ratiba kwenye kipande cha karatasi. Siku 12. Yiwu siku nne. Guangzhou siku sita na nusu, kwa sababu tarehe 23 hadi 27 Oktoba ni awamu ya vyombo vya nyumbani kwenye maonyesho ya biashara. Beijing siku moja na nusu, "ukapige picha kwenye Ukuta Mkuu wa China."

Nilipomwambia hii si safari uliyoniahidi, alinijibu, "Wewe China huijui. Ukitoka nje ya hiyo miji utakula nini, utaongea na nani? Mashamba ya mpunga hata Ifakara yapo." Kisha akasema zile milioni sita zangu bora ziingie kwenye kontena, kwa kuwa tutakuwa hukohuko.

Mimi nilikuwa na orodha yangu niliyoitoa kwenye video za simu: Beijing, Xi'an kwenye wale askari wa udongo, Shanghai, Chongqing ambako treni inapita katikati ya ghorofa, daraja la kioo la Zhangjiajie, Guilin, Hangzhou, vijiji vya Wuyuan, na Jingdezhen wanakotengeneza kauri. Aliisoma, akacheka, akairudisha mezani. Kicheko kile kimeniumiza kuliko maneno.

Halafu wifi yangu akaongeza chumvi. Anasema mwanaume anayekataa kumtembeza mkewe ana cha kuficha, na kwamba wapo waliofungua nyumba nyingine kule. Tangu siku hiyo usiku mume wangu akilala napekua simu yake. Sijakuta kitu, ni picha za masufuria tu. Naona aibu, lakini siachi.

Nifanyeje, Mama? Nimfuate kwenye maghala yake na kunyamaza? Nikatae safari nibaki na hela yangu? Au niende na shoga zangu?

Mke wa Mzigo, Kunduchi

JIBU

Marahaba mwanangu. Sijakuchoka, na wala usijiite mtu aliyeshiba. Mtu aliyelinda duka, watoto na mkwe kwa miaka yote hiyo ana haki ya kuuliza siku zake 12 zinakwenda wapi.

Nianze na simu, nilimalize. Leo usiku iache ilale pale ilipo. Umetafuta wiki tatu ukakuta masufuria, hilo ni jibu. Wifi yako hakukuletea habari, amekuletea hofu, na ukisafiri nayo itakaa kiti cha kati kwenye ndege. Kama bado inakukereketa, muulize mumeo uso kwa uso, nyumbani, kabla hamjakata tiketi: "Mume wangu, kule una maisha nisiyoyajua?" Swali hilo ni la sebuleni kwenu. Msije mkalianza juu ya Ukuta.

Sasa nakuja kwenye kicheko chake. Nakuomba unisikilize hapa, kwa sababu nadhani umekisoma vibaya, nami niliwahi kukosea hivyo hivyo.

Mwaka 2019 mimi na baba watoto tulikwenda China kwa siku 16. Yeye alikuwa mkuu wa shule maisha yake yote, mtu aliyezoea kuulizwa na kujibu. Siku ya nne tulikuwa na tiketi za treni kutoka Beijing kwenda Xi'an. Beijing ina stesheni kubwa kadhaa, na treni yetu ilikuwa ya stesheni ya Magharibi. Sisi tulikwenda ya Kusini. Tuligundua pale mlangoni, msichana mwenye sare alipotazama tiketi na kutikisa kichwa. Dakika zilikuwa zimebaki 20. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameishika ile tiketi kwa mikono miwili, ameigeuza na kuigeuza, na ubao ule mkubwa wa maandishi mekundu unabadilika juu yake bila kumwambia neno. Aliniambia kwa ukali, "Wewe ndiye uliyetaka kutembea." Nikanuna mpaka jioni. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba hakuwa na hasira na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka 31 nimemwona hajui.

Mumeo Guangzhou ni mtu. Mawakala wa mizigo wanamjua kwa jina, wengine ni Watanzania wenzake, anajua bei, anajua pa kula, anajua kumkatalia muuzaji hadi akubali. Mpeleke kwenye kijiji cha Wuyuan na atakuwa mgeni asiyejua kuagiza wali, tena mbele ya mke aliyemwambia kwa miaka 15, "China naijua mimi." Swali lake "Utaongea na nani?" lirudishe kwake taratibu, utakuta ni lake mwenyewe. Anaijua China ya maboksi. Ile nyingine hajawahi kuiona, na hata lile jibu la "kazi tu, hakuna kitu" huenda lilikuwa kweli tupu: alitoka hotelini alfajiri, akazunguka maghala, akarudi usiku miguu ikiwaka.

Kwa hiyo usiikatae Guangzhou yote. Mwombe siku moja, moja tu, akuonyeshe siku zake zilivyokuwa. Akupeleke Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika pale Guangzhou, kwenye hoteli anayolala, kwenye meza anayokula, mtaa ambao wakala wake anafungia mizigo. Sikia ile sauti ya soltepu ya maboksi ikivutwa kutoka asubuhi hadi usiku. Huko ndiko alikokuwa watoto walipougua ukampigia. Swali lako la "China kukoje" lilikuwa la huko, na pale atakujibu vizuri kuliko popote. Mkiwa hapo mpitie msikiti wa Huaisheng, ambao ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa China, mnara wake mweupe ni wa mviringo na hauna nakshi. Mswali pamoja. Kesho yake mfunge mabegi mwondoke.

Ili hilo liwezekane, biashara na safari zisichanganywe. Maonyesho ya Guangzhou ya msimu wa vuli yana awamu tatu, na hiyo ya tarehe 23 hadi 27 Oktoba ndiyo yake kweli, hajakudanganya. Lakini hoteli za mji huwa ghali na zimejaa siku hizo, na yeye kichwa chake kitakuwa kwenye mabanda. Atangulie peke yake. Aimalize Yiwu kwanza, kisha maonyesho, mzigo amkabidhi wakala. Wewe ufike Guangzhou tarehe 28, akupokee uwanja wa ndege akiwa ameshamaliza. Siku zako 12 zianzie hapo. Hapo mtakuwa pia mmeiepuka wiki ya kwanza ya Oktoba, tarehe 1 hadi 7, ambayo ni sikukuu ya taifa lao. Wachina kwa mamilioni husafiri wiki hiyo, treni hazipatikani na kwenye Ukuta mtu anatembea kwa kusukumwa.

Na orodha yako nayo, mwanangu, ina makosa. Sehemu tisa kwa siku 12! Ungeiona China kwenye vioo vya treni na mapokezi ya hoteli. Daraja la kioo, treni ya kwenye ghorofa, hizo ni video, umeshaziona. Mumeo amejaza ratiba maghala, wewe umeijaza miji, na katika zote mbili sioni saa ya watu wawili kukaa.

Ningekuwa wewe ningebakiza Guangzhou, Hangzhou, Wuyuan, Jingdezhen na Beijing. Mwingilie Guangzhou, mtokee Beijing, msirudi nyuma.

Kutoka Guangzhou mchukue ndege ya ndani hadi Hangzhou. Usiku mbili zinatosha: kutembea kando ya Ziwa Magharibi jioni, kunywa chai kwenye vijiji vya Longjing, kuswali kwenye msikiti wa Fenghuang. Kutoka hapo treni ya kasi inawapeleka Wuyuan, na hapa ndipo ningetaka mkae usiku tatu nzima.

Wuyuan ni wilaya ya vijiji mkoani Jiangxi, nyumba za kuta nyeupe na mapaa meusi, vijito vinapita mbele ya milango, wanawake wanaoshea mboga humo. Watu wengi huenda mwezi wa tatu na wa nne kwa ajili ya maua ya njano. Mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba una uzuri wake, maana ni wakati wa kuanika mavuno. Kijiji cha Huangling kiko ubavuni mwa mlima, hakina uwanja wa tambarare, kwa hiyo wanaanikia kwenye miti iliyochomozeshwa madirishani. Ungo mmoja pilipili nyekundu, wa pili mahindi, wa tatu maua ya chai, ungo juu ya ungo hadi paa la mwisho. Nikuambie ukweli, Huangling siku hizi kimepangwa kwa ajili ya wageni, mnapanda kwa kebo na kulipa kiingilio. Nendeni asubuhi na mapema, kisha mchana mwende vijiji vidogo ambako anayeanika anaanika kwa ajili ya kula. Utamwona mama wa rika langu anageuza pilipili kwa kiganja cha mkono, kama tunavyogeuza dagaa. Mumeo alisema mpunga upo Ifakara, na ni kweli upo. Lakini mlishawahi kwenda Ifakara mkakaa tu?

Jingdezhen haiko mbali na hapo. Huu ni mji wako wewe. Jina lake limetokana na zama za mfalme wa ukoo wa Song, mwaka 1004, na umefinyanga kauri tangu hapo na kabla ya hapo. Siwezi kukuambia bakuli lile la Kunduchi lilitoka tanuri gani, China ilikuwa na matanuri mengi ya kuuza nje. Lakini kauri nyeupe yenye michoro ya buluu, hapo ndipo penyewe. Ilishuka kwa mito hadi bandarini, ikapita mikono ya Wahindi, Waajemi na Waarabu, pepo za kaskazi zikaifikisha kwetu. Kuna kipindi wao wenyewe walikuja: meli za nahodha mkuu Zheng He, mtu wa mkoa wa Yunnan aliyezaliwa Mwislamu, zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipokelewa kwa mfalme wao. Bibi yako alijua alichokuwa anawakaripia.

Kwenye eneo la kale la matanuri ya kifalme pale Jingdezhen kuna kitu kilichonisimamisha. Chombo kilichotoka tanurini na kasoro, hata rangi iliyochuruzika kidogo, hakikuruhusiwa kwenda kwa mfalme wala kuuzwa kwa mtu mwingine. Kilivunjwa makusudi na kufukiwa palepale. Wanaakiolojia wamechimbua vigae kwa maelfu, wakaviunganisha kimoja kimoja, na ndivyo vinavyoonyeshwa: mabakuli yenye nyufa kila upande, yamesimama. Tulikaa mbele ya moja hadi mlinzi akaja kutuangalia.

Na hapo mumeo hatakuwa mtu wa kuvutwa mkono. Ameuza vikombe miaka yote bila kumwona anayevitengeneza. Kitabu cha Kichina cha mwaka 1637 kinasema kikombe hupita mikono 72 kabla hakijawa kikombe, na kwenye karakana za pale unaiona baadhi ya mikono hiyo: mmoja anafinyanga tu, mwingine anachonga kitako tu, mwingine anachora mstari wa buluu wa ukingoni, mstari huo tu, siku nzima. Ataanza kuuliza bei. Mwache aulize.

Kutoka Jingdezhen hadi Beijing ni ndege au treni ya kutwa. Usiku nne. Kasri la kifalme, Gugong, limefungwa Jumatatu, na tiketi lazima mweke nafasi siku kadhaa kabla kwa namba ya pasipoti. Ukuta, nendeni Mutianyu, kaskazini ya mji, mwende na kebo mrudi kwa miguu au kinyume chake. Ngazi zake hazilingani, moja inafika kifundoni, inayofuata gotini. Badaling ni karibu zaidi kwa treni lakini umati wake ni mkubwa. Asubuhi moja mwende bustani ya Hekalu la Mbingu mwone wazee wao wanavyocheza dansi na karata, na Ijumaa msikiti wa Niujie.

Xi'an iacheni safari nyingine, ingawa moyo wangu uko huko. Baada ya ile kadhia ya stesheni, msichana wa dirishani alitubadilishia tiketi za treni ya baadaye siku ileile, tukafika Xi'an usiku bila kuongea. Kesho yake mtaa wa Waislamu tulikaa kwenye duka la supu ya kondoo. Wanakuletea bakuli tupu na mikate miwili migumu, na kazi yako ni kuimega mwenyewe, vipande vidogo kama punje ya soya. Tulimega haraka haraka. Mhudumu akatazama, akacheka, akaturudishia bakuli: mikubwa mno. Tukaanza upya. Nusu saa nzima tunamega mkate, mikono ina kazi, macho yako chini, na ndipo baba watoto akasema taratibu, "Pale stesheni niliogopa." Bakuli zikapelekwa jikoni na vibandiko vya namba ili kila mtu arudishiwe yake. Sikumbuki supu ilivyokuwa.

Amefariki mwaka wa tatu sasa. Ndiyo maana nimekuandikia kirefu.

Sasa mambo ya mkononi, nayapitia upesi. Viza: yeye ana ya biashara, wewe omba ya utalii, yaani L, ukiwa na tiketi na hoteli za miji yote, na uombe mapema. Chukua cheti cha homa ya manjano. Hoteli zinawaandikisha polisi zenyewe, lakini mkilala kwa mwenyeji mnatakiwa mkajiandikishe ndani ya saa 24. Malipo huko ni simu tu, hata muuza viazi ana kibandiko cha kuskani: weka Alipay au WeChat, uiunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard ukiwa bado Dar es Salaam, na ujaribu kama inakubali. Uwe pia na noti kidogo. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kule, kwa hiyo washa rominga kwenye laini yako ya nyumbani, mara nyingi inapita, na upakue kabisa programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila mtandao. Pawa benki iwe na alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China, la sivyo tangu Juni 2025 inazuiwa kwenye ndege zao za ndani. Kopo kubwa la dawa ya kupuliza litachukuliwa stesheni.

Chakula: tafuta maandishi ya 清真, ndiyo halali, na maduka ya tambi za Lanzhou yenye maandishi hayo utayakuta karibu kila mji. Vijijini Wuyuan ni vigumu zaidi, maana mafuta ya nguruwe yanatumika hata kwenye mboga. Andikiwa na mtu Kichina sentensi moja, "Hatuli nguruwe wala mafuta yake," uionyeshe kabla ya kuagiza, na mle samaki, mayai na wali. Beba tishu, vyoo vingi havina. Maji ya moto ni bure kwenye kila stesheni na ndani ya treni, nenda na chupa yako ya chai, na majani yako. Vijijini watawatazama na kuomba picha, wengine watataka kugusa nywele. Kubalianeni mapema kati yenu: mmoja akichoka, mwenzake anamshika mkono mnaondoka.

Milioni sita zako zisiingie kwenye kontena. Si kwamba kontena ni baya. Hela ile uliitolea jasho kwa neno alilosema mbele ya watoto, na watoto wanaangalia. Mwambie hivyo bila kupandisha sauti: "Hizi ndizo zitakazolipa hoteli na treni zetu kuanzia tarehe 28. Za mzigo ni zako, sitazigusa." Anayelipa hoteli ndiye anayeshika ratiba, hatabisha sana. Kwenda na shoga zako kunawezekana, lakini barua yako imewataja mwishoni tu, yeye imemtaja mstari hadi mstari.

Na mpe kazi. Mume aliyezoea kuongoza usimbebe kama begi. Yeye ndiye awe mtu wa treni: apakue programu ya reli yao ya 12306, asajili pasipoti zenu, tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla, na kila asubuhi ya safari asome jina la stesheni mara mbili, kwa sauti, wewe ukisikia. Mkikosea, na mtakosea mahali fulani, usimtazame kama nilivyomtazama wangu.

Kabla hamjaondoka, mwombe Jumapili moja jioni mwende naye Kunduchi kwenye magofu. Sijui kama aliwahi kuliona hata tundu moja. Beba uzi. Bila kugusa chokaa, pima upana wa tundu lile ulilokuwa ukiingizia ngumi, ukate uzi hapo, uukunje kwenye pochi pamoja na pasipoti. Jingdezhen mtazunguka nao duka kwa duka hadi mpate bakuli la upana huo, la kuweka nyumbani kwenu. Bakuli utachagua wewe. Bei mwachie yeye apatane.